Nani Akabidhiwe Kazi za Jiji?

Natutazame swali moja linaloonekana kuwa la wakubwa tu, kumbe lagusa kila nyumba yenye bomba na kila mama mwenye meza sokoni. Kiti cha mkurugenzi wa jiji ki wazi, na majina mawili yamo mezani. Wa kwanza aijua kazi barabara, lakini hatujuani naye. Wa pili aiweza kwa kiasi, tena ni mtu wetu: tulisoma pamoja, husali nasi, hatatuletea taabu. Je, mwenye mamlaka akimtwaa huyu wa pili, ametenda kosa? Hakumchagua mjinga, wala hakupokea hongo. Wengi watajibu upesi kwamba hakuna kosa. Sisi twaona neno hili lahitaji kupimwa polepole.

Yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe. Madiwani huchaguliwa na wananchi, na meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi hapigiwi kura. Katika Tanzania huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa baraza na msimamizi wa watumishi wake. Baraza hukata shauri, yeye hutekeleza. Takataka zisipozolewa, mifereji isipozibuliwa kabla ya masika, mfagizi asipolipwa ujira wake, mambo hayo yote huishia mezani pake. Baraza laweza kupitisha azimio zuri ajabu, lakini azimio halizibui mfereji.

Watu wa Dayton, katika jimbo la Ohio huko Marekani, walifundishwa hayo na maji. Mwezi wa Machi 1913 mto Great Miami ulifurika ukaufunika mji wao, na katika bonde lile walikufa watu zaidi ya 300. Mwaka huohuo raia walipiga kura kubadili namna ya kuutawala mji: wangechagua makamishna watano, na hao wangemwajiri meneja mmoja, mtu wa kazi, asiye na kura katika baraza. Mpango wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kuanzwa 1908 katika mji mdogo wa Staunton, Virginia. Makamishna wa Dayton walimwomba kwanza Kanali George Goethals, msimamizi wa ujenzi wa Mfereji wa Panama. (Yaelekea hata wao walivutwa kidogo na jina kubwa, nasi hatuwalaumu.) Alikataa. Ndipo wakamwajiri Henry Waite, mhandisi wa mji wa Cincinnati, akaanza kazi 1914. Hakuwa mwana wa Dayton. Hebu tufikiri jinsi ilivyokuwa vigumu: mji uliotoka tu kuzika wafu wake, wenye mafundi na wafanyabiashara wake wenyewe, ukampa mgeni funguo zake. Mji ulihitaji mtu ajuaye mifereji na madaraja, nao ukamtafuta mtu wa namna hiyo mahali alipokuwapo.

Mt. Tomaso wa Akwino, aliyefariki 1274, aliligusa swali letu alipoeleza dhambi ya kupendelea watu. Maana ya fundisho lake ni hii: ukimpandisha mtu kuwa mwalimu kwa ajili ya elimu yake, umetazama sababu ipasayo, ukimpandisha kwa kuwa yeye ni Petro au Martini, umetazama uso wake tu. Hapo mtu wetu wa pili amekwisha kuonekana. Hatusemi kwamba hafai kabisa. Twasema kwamba kilichompa kiti si kufaa kwake, bali ujirani wetu, na ujirani wetu haukuhitajiwa na jiji.

Lakini mwalimu huyo aliendelea na neno liwezalo kuwashtua wacha Mungu. Katika kukabidhi madaraka, hata yale ya Kanisa, si lazima kumtafuta aliye mtakatifu kupita wote, wala msomi kupita wote, bali yule awezaye kuwafaa watu zaidi katika kazi ile. Kwa hiyo cheti cha ndoa na kiti cha mbele kanisani havitoshi kumpa mtu ukurugenzi. Twawajua waumini wema sana ambao hatungewakabidhi hata mauzo ya gazeti.

Je, basi, uaminifu ni kitu cha kando? La hasha. Mkurugenzi ndiye aidhinishaye malipo, na mtu hodari asiye mwaminifu huiba kwa uhodari. Katika kazi hii uaminifu ni sehemu ya ustadi wenyewe, kama vile mkono usiotetemeka ulivyo sehemu ya ustadi wa daktari mpasuaji.

Kiko kishawishi kingine, nasi twakiogopa kuliko udugu: kumtaka mtu asiyeweza kusema hapana. Mkubwa ataka uwanja wa wazi ugawiwe rafiki yake ajenge maduka. Mwingine ataka vibanda viachwe bondeni kwa kuwa uchaguzi u karibu. Mtumishi mpole atatia sahihi, nasi tutamsifu kwamba ana adabu. Desemba 2011 mafuriko yalilipiga bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Watu walikufa, na jamaa nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hatumtwiki mtu yeyote lawama ya msiba ule. Lakini ruhusa na makatazo ya kujenga huandikwa ofisini, katika utulivu, miaka mingi kabla ya mvua kunyesha. Ndiyo sababu mwenye kuchagua yampasa awaulize wale walioongozwa na mtu huyu, karani na dereva na mchuuzi wa sokoni, kabla ya kuwauliza wakubwa aliowapendeza. Tena aulize: je, amepata kumkatalia mkuu wake, na alipata hasara gani?

Nasi hatuko safi. Miaka kadhaa iliyopita tuliketi katika kamati ya kumtafuta mtunza fedha wa shule moja. Alikuja mama mmoja tusiyemjua, mwenye uzoefu wa miaka mingi, akaeleza bila kujisifu jinsi alivyokataa kulipa hundi isiyo na hati, akapoteza kazi yake kwa ajili hiyo. Tulitazamana. Mjumbe mmoja akanong'ona kwamba huyu atatusumbua. Sisi tulimsikia, tukanyamaza. Tulimchagua kijana wa kigango chetu. Hakuiba hata senti moja. Ila hakuweza kumkatalia mtu, na karo za mihula miwili zikaliwa na mambo yasiyopangwa, hata uji wa watoto asubuhi ukakoma. Ndipo tulipomwandikia yule mama. Alijibu kwa barua fupi, ya adabu, kwamba amekwisha kupata kazi kwingine.