Haki ya Mwenye Wazimu

Tuseme asubuhi moja pale Kibirizi mtu mwenye wazimu apita juu ya dagaa walioanikwa mchangani na kuwatawanya. Mama mwenye dagaa apiga kelele. Fedha aliyowanunulia alfajiri imepotea, na hasara yake ni hasara ya kweli. Vijana wamkamata yule mtu, wampiga mpaka atoke damu, kisha kila mmoja ashika njia yake. Ukiwauliza, watakujibu: "Huyu ni kichaa tu."

Neno hilo "tu" ndilo latufanya tuandike. Sheria ya nchi yetu yanena ya kwamba asiyejua alitendalo kwa sababu ya ugonjwa wa akili hahesabiwi hatia. Akiwa ametenda jambo kubwa, kama kuua, hushikwa na kutunzwa mahali kama Isanga huko Dodoma. Basi wazimu humwondolea mgonjwa hatia yake mwenyewe. Sisi tumeugeuza uwaondolee hatia wale wampigao!

Hatusemi ya kwamba wenye wazimu hawadhuru kamwe. Wako wanaodhuru, hasa wasiotibiwa, na pombe au bangi ikichochea. Ila utafiti uliotolewa mwaka 2005 huko Chicago, Marekani, ulionyesha ya kwamba zaidi ya robo ya wagonjwa wa namna hiyo walitendewa ukatili wa jinai ndani ya mwaka mmoja, zaidi ya mara 11 kuliko watu wengine. Chicago si Ujiji, twajua. Lakini nani kati yetu hajapata kumwona mwanamke mgonjwa wa akili alalaye barazani pa sokoni, akabeba mimba, na asiwepo aulizaye ni ya nani?

"Hawezi kutoa ushahidi," watu husema. Si hivyo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 haimkatai shahidi kwa sababu ya ugonjwa wa akili peke yake. Yataka aweze kuelewa maswali na kuyajibu kwa busara. Wapo wagonjwa ambao asubuhi hawajitambui, na jioni wakitulia waweza kukutajia aliyewaumiza. Nani huenda kuwasikiliza jioni hiyo?

Mama wa dagaa na afidiwe, na ndugu za mgonjwa wamfikishe hospitali ya Maweni. Lakini wale vijana nao sharti waitwe kituoni kwa majina yao, na kesi yao iandikwe kama ambavyo ingaliandikwa wangalimpiga mwalimu au tajiri wa mtumbwi.