Hesabu ya Zamani

Andiko: Waamuzi 16:15–22



Usiku mmoja mwezi uliopita ndugu mmoja wa kanisa alinipigia. Mtoto wake alikuwa na homa kali, na gari hakuna. Nikaangalia simu: chaji asilimia 31. Nikamwambia, "Usijali, ndugu, ngoja nimpigie mtu mwenye gari." Kabla sijampata, simu ikazima. Mtoto alifikishwa hospitalini na bodaboda ya jirani, na leo ni mzima, Mungu ni mwema. Lakini mchungaji wake aliachwa gizani ameshika simu iliyokufa.

Kesho yake nikaenda kwa fundi hapa sokoni Khayega. Akaniambia, "Pasta, simu haioni ndani ya betri. Inapima volti, inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, halafu inakadiria." Mimi nilisomea biashara, nikaelewa mara moja. Ni kama karani anayeandika mapato na matumizi bila kufungua sanduku ahesabu pesa. Makosa madogo yanajumlika. Betri nayo inazeeka, haibebi kama zamani, na kitabu bado kinasoma hesabu ya zamani. Siku ya kazi nzito ndipo ukweli unatokea.

Samsoni aliamka na hesabu ya zamani. Alidhani atajinasua kama siku zingine zote. Mstari wa 20 unatuambia hakujua kwamba Bwana amemwacha. Kuishiwa ni jambo moja. Kuishiwa bila kujua ndiyo hatari!

Niseme yangu. Majuma yale niliongoza kesha, nikaomba kwa maiki hadi sauti ikakauka. Lakini nyumbani, peke yangu, sikupiga magoti. Ninyi mliniona nimejaa. Nami nikaamini.

Fundi alisema dawa ya kwanza ni kuitumia simu mpaka izime, kisha kuichaji mpaka ijae bila kuchomoa. Hiyo inanyoosha hesabu, haiongezi nguvu. Betri iliyochoka inabadilishwa tu. Mpendwa, toba ni kunyoosha hesabu: kumwambia Mungu niko chini, bila kutaja ushuhuda wa miaka kumi iliyopita. Moyo mpya ni Yeye anaupeana, Ezekieli 36:26.

Soma pia mstari wa 22. Mle gerezani, Samsoni akiwa hana kitu, nywele zilianza kuota tena.

Wiki hii, kabla ya kuomba mbele za watu, omba mahali hakuna anayekusikia. Fungua sanduku. Hesabu.

Amina.