Je, Akili ya Mtu Yaweza Kujua ya Kwamba Mungu Yuko?

Katika kijiji kimoja mkatekumeni alimzika mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa homa kabla ya kutimiza miaka miwili. Siku ya matanga mdogo wake, aliyekuwa amerudi kutoka mjini, alimwambia mbele ya watu: «Mkubwa wangu, wewe wajifunza sala kila siku. Huyo Mungu unayemwomba alikuwa wapi? Vitu vyote vyajiendesha vyenyewe. Mungu ni jina tu.» Mkatekumeni hakujibu neno. Juma lililofuata hakuonekana katika mafundisho. Wenzake walipomwuliza, alisema: «Sitaki kinywa changu kiseme Nasadiki, na moyo wangu useme labda.»

Jibu hilo halikuwa la kumwonea aibu. Mtu atafutaye ukweli kwa moyo mnyofu hamkosei Mungu aliyempa akili. Basi yafaa kuyapima maneno ya pande mbili, kama wazee wanavyosikiliza shauri: kila mmoja aseme mpaka mwisho, asikatizwe.

I. Maneno ya wanaokana

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyekufa mwaka 1274, hakuwaficha wanafunzi wake maneno ya wapinzani. Katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, kabla ya kueleza njia tano za kumjua Mungu kwa akili, aliandika kwanza maneno mawili ya kumkana. Ndiyo yale yale aliyoyasema kijana yule wa mjini.

Neno la kwanza ni juu ya ubaya. Kama angekuwako Mungu mwenye wema usio na mpaka, ubaya usingepata mahali pa kukaa. Lakini ubaya upo. Mwezi wa Januari mwaka 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma, ukateketeza nyumba za wema na za waovu bila kuchagua.

Neno la pili ni kwamba Mungu hahitajiwi. Mvua yatoka katika mawingu, mawingu yatoka katika maji yaliyopashwa na jua, mtoto atoka kwa wazazi wake. Kila jambo lina sababu yake hapa duniani. Ya nini kutafuta sababu nyingine juu yake?

II. Jibu kwa neno la pili

Mama akikosa moto jioni, humtuma mtoto kwa jirani kuomba kaa. Labda jirani naye aliomba kwa mwingine, na yule kwa mwingine tena. Sasa, kama katika nchi nzima kila mtu ni mwombaji tu, wala hakuna hata mmoja mwenye moto wake mwenyewe, je, moshi ungeonekana juu ya nyumba yoyote? Hata nyumba zikiwa elfu, hata zikiwa hazina hesabu, waombaji watupu hawawezi kupika chakula.

Viumbe ni kama nyumba hizo. Mto, mti, mlima na mtu: kila kimoja kiliwahi kutokuwako, na kuwako kwake kimepewa. Basi lazima awepo mmoja ambaye hakupewa na yeyote, bali anako kuwako kwake mwenyewe, naye huwapa wote. Huyo ndiye aitwaye Mungu.

Wengine huuliza: «Na Mungu aliomba moto kwa nani?» Swali hilo lapotea njia. Haikusemwa kwamba kila aliye na moto aliuomba. Ilisemwa kwamba mwombaji lazima apewe na mwenye nacho.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja Mwingereza mwenye sifa nyingi, Bertrand Russell, alijadiliana na padri Copleston katika redio ya Uingereza. Russell alisema kwamba ulimwengu upo tu, basi. Hilo si neno la mjinga. Lakini mtu akikaa chini katikati ya njia, hajaonyesha kwamba njia imekwisha. Ameonyesha tu kwamba yeye haendelei.

Kwa upande mwingine, wanaosadiki nao wasiikimbilie kila habari mpya kama ushahidi. Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu wazidi kupanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza katika kitu kimoja kidogo mno. Wakristu wengi walishangilia, lakini yeye hakupenda elimu yake ya nyota igeuzwe kuwa hoja ya dini. Mtakatifu Tomaso naye alifundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuhakikisha kama ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hoja ya moto haisemi moto uliwashwa siku gani; yasema tu kwamba yuko mwenye moto.

Wazee wa zamani walilitambua jambo hilo kabla ya misioni yoyote kujengwa. Batabwa walimtaja Leza, Baluba walimtaja Vidye, Bashi walimtaja Nyamuzinda. Kusadiki kwa wengi si hoja kamili, kwa maana wengi waweza kukosa. Lakini kwaonyesha kwamba Mungu hakuletwa na meli.

III. Jibu kwa neno la kwanza

Hapa inafaa kusema polepole, kwa sababu kaburi bado ni bichi.

Anayesema «hili ni baya» anapima, na anayepima ana mizani. Kama hakuna wema ulio juu ya watu wote, kifo cha mtoto si kibaya wala si kizuri. Ni jambo lililotokea tu, kama jani kuanguka. Lakini baba aliyefiwa ajua kwamba sivyo. Machozi yake yenyewe yashuhudia wema.

Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika aliyekufa mwaka 430, alifundisha kwamba Mungu asingeruhusu ubaya kama asingekuwa na uwezo wa kutoa wema hata ndani yake. Basi ubaya hauhakikishi kwamba hakuna Mungu. Lakini akili haiwezi kumwambia baba yule kwa nini mtoto wake, na kwa nini mwaka huu. Rafiki za Yobu walijaribu kumweleza sababu ya mateso yake, na Mungu aliwakemea.

Akili hufikisha mtu mlangoni. Ndani hapaingiwi ila kwa neema. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano ulifundisha mwaka 1870 kwamba akili yaweza kumjua Mungu kwa hakika kwa njia ya viumbe. Lakini kwamba Mungu huyo alilia kaburini kwa Lazaro, na kwamba Mama yake alisimama chini ya msalaba wa Mwanawe, hayo akili isingeyabuni. Yalifunuliwa.

Mkatekumeni alirudi katika mafundisho, akaketi nyuma. Mdogo wake hakubadili neno lake. Lakini jioni ile alichukua jembe, akaenda na mkubwa wake kulisafisha kaburi la mtoto, na hakuna aliyemwuliza sababu.

Maswali

1. Je, ni dhambi kujiuliza kama Mungu yuko?
Hapana, kama mtu atafuta ukweli kwa moyo mnyofu.

2. Kwa nini waombaji watupu hawawezi kuwa na moto?
Kwa sababu hakuna awezaye kutoa asichopewa na asicho nacho mwenyewe.

3. Mkristu amwambie nini aliyefiwa?
Maneno machache. Akae naye, na asali pamoja naye.