Mto wa Shetri

Injili zinataja mto wa kulalia mara moja tu, nao ulikuwa ndani ya chombo majini. Mathayo anasimulia dhoruba ileile na kusema Bwana alikuwa amelala, Luka vilevile. Marko peke yake, sura ya 4 mstari wa 38, ndiye anayetaja alichokuwa amelalia, na mahali penyewe: shetri, huko nyuma anakokaa mshika usukani. Nimesikia mahubiri mengi juu ya dhoruba ile, juu ya upepo, mawimbi na imani haba. Juu ya mto sijasikia hata moja. Mimi ni fundi makochi hapa Same mjini, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianzia hapo.

Same ina upepo wa kutosha, ila ni upepo wa vumbi. Maji makubwa tuliyo nayo jirani ni bwawa la Nyumba ya Mungu na ziwa Jipe, na huko mvuvi hukalia ubao wa mtumbwi au kiroba kilichokunjwa. Hakuna aliyewahi kuniletea oda ya kutandikia chombo. Kazi yangu ni makochi, siti za bodaboda wanaopanda Vudee na Mbaga, na mara mojamoja viti vya meza kuu ukumbini. Oda ya chombo ilitoka kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyeshuka Pangani kutafuta maisha na sasa ana dau dogo la tanga moja pale Ushongo. Anapeleka wageni Maziwe, kile kisiwa kilichopoteza miti yake yote, kikabaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, baba. Bahari haijakumeza?”

“Bado. Mjomba, wageni wanalalamika makalio. Nishonee mito, sponji inchi sita, kitambaa kama kile cha kochi la mama.”

Kochi la mama yake nililishona mimi, na ninajua lisingemaliza msimu mmoja wa kusi. Sponji ya godoro ni vitundu vilivyofunguana: maji yakiingia huku yanatembea mpaka kule, na mengi hayatoki. Ikishakunywa maji ya chumvi haikauki tena sawasawa, maana chumvi inayobaki ndani huvuta unyevu wa hewani. Unaianika kutwa, na asubuhi bado inakulowesha suruali. Kitambaa cha kochi huota ukungu. Rekisini wanayoipenda bodaboda kwa kung’aa huunguza mapaja juani, na ikilowa inateleza kama kambare. Uzi wa pamba huoza huku mshono ukionekana mzima. Zipu ya chuma hushikwa na kutu mpaka uikate kwa kisu.

Inchi sita zenyewe ndizo zilizonitisha zaidi. Nilimwomba apige picha dau likiwa mchangani, kisha akae kwenye ubao wake na mtu ampime kutoka kwenye nyonga mpaka pale nyayo zinapokanyaga. Mto mnene ungemwinua hata miguu ikose pa kujizuilia, na chombo kikilala upande upepo ukizidi, aliye juu ya godoro ndiye wa kwanza kuserereka. Basi tukakubaliana inchi mbili. Nikatafuta ile sponji ngumu ambayo kila kitundu kimezibwa peke yake, ya jamii ya ile iliyo ndani ya maboya ya kuvaa. Niliipata mitumbani, ikiwa mikeka ya mazoezi ambayo mtu fulani Ulaya alichoka nayo. Nikagandisha tabaka juu ya tabaka. Juu nikavalisha turubai la nailoni la kijivu, kwa kuwa jeusi linahifadhi joto na jeupe linaumiza macho. Chini nikaweka wavu ili maji yapite yaende zake. Zipu ya plastiki, uzi wa nailoni, na kila mto mikanda miwili ya begi: ya kufungia kwenye ubao, na ya kushikia iwapo mto utarushwa kwa mtu aliyeanguka majini.

Hilo la mwisho nimelirithi kwa bibi yangu, ingawa hakuwahi kuiona bahari. Mito yake yote ilikuwa ya sufi iliyookotwa chini ya misufi ya tambarare. Unyuzi wa sufi uko wazi katikati kama mrija, na juu una nta inayokataa maji, ndiyo maana kwa miongo mingi maboya ya mabaharia duniani yalijazwa sufi, hata katika vita vikuu viwili. Ile iliyomlaza bibi yangu usingizi huko Gonja ndiyo iliyomweka mtu hai katikati ya Atlantiki. Sikuitumia kwa mpwa wangu kwa sababu sufi ikikaliwa sana husagika na kupoteza nguvu ya kuelea. Nilisikitika kidogo.

Mito ilipokuwa imepangwa barazani, alipita mzee wa kanisa ninayemheshimu sana. Akaminya mmoja kwa kidole, akauliza ni ya nini, nikamweleza. Akatikisa kichwa. “Fundi, chombo chenye mito ni chombo cha waliolala.” Kisha akanipa hotuba ndogo: ubao mgumu humkesheza mtu, Yakobo alilalia jiwe akaona ngazi ya mbinguni, Yona alijilaza chini merikebuni kwa raha zake na dhoruba ikamfuata. Nadhani imani yetu ilipandishwa milimani pamoja na mabenchi, Walutheri wa misheni ya Leipzig wakaja nayo Shigatini mwaka 1900, Waadventista Giti mwaka 1903, na kwa wazee wengi benchi lisilo na egemeo limekuwa kama sehemu ya ungamo. Kinachonichekesha ni kwamba kiti anachokalia mzee huyu Jumapili, pale mbele upande wa madhabahu, kina sponji ya inchi tatu. Naijua, niliipima mwenyewe.

Lakini hoja haiangushwi kwa kumtazama aliyeitoa makalio. Nilikaa nayo siku nyingi nikishona. Jiwe la Yakobo kwanza. Hakulichagua kwa ibada. Alikuwa mkimbizi, usiku umemkuta njiani, hana kingine. Andiko halisemi popote kwamba ngazi ilishuka kwa sababu shingo ilikuwa inamuuma. Yona naye alilala kweli, ila hakuna mto unaotajwa kwake, na kosa lake lilianza kabla hajapanda chombo: alilipa nauli kwenda upande ambao hakutumwa. Angekesha njia nzima amesimama wima bado angekuwa anatoroka.

Tunarudi kwa Marko. Soma sura ile tangu mwanzo wake utaona kwamba siku hiyo Bwana alikuwa amekaa ndani ya chombo tangu mapema, akifundisha watu walio ufukoni, na jioni wakamchukua vilevile alivyo. Ni mtu aliyekalia mbao siku nzima. Mwaka 1986, ziwa la Galilaya liliposhuka kwa ukame, chombo cha wavuvi cha karne ile kiliibuka kwenye tope, urefu kama mita 8 na upana mita 2 na ushei. Kwa hiyo tunajua ukubwa wa chombo cha namna hiyo, na tunajua si mahali pa kujinyoosha. Wapo wataalamu wanaodhani mto ule ulikuwa wa kukalia mpiga makasia, na wapo wanaodhani ulikuwa mfuko wa mchanga wa kusawazisha chombo. Kama ni wa mpiga makasia, basi kuna mvuvi usiku ule alivuta akikalia ubao mtupu kwa sababu mto wake alimpa mgeni. Sijui kwa nini hakuna anayemhubiri mvuvi huyo.

Na sasa tazama walio macho. Wanafunzi walikuwa wima, wamelowa, mikono kwenye kamba, hakuna hata mmoja aliyestarehe. Hao ndio waliopiga kelele kwamba wanaangamia na hakuna anayejali. Ugumu wa mbao haukuwapa imani. Uliwapa hofu na lawama. Nilimwambia mzee hivyo alipopita tena. Akanyamaza, akasema atalitafakari. Kwa mzee wa kanisa huko ni kusalimu amri nusu.

Jirani yangu wa duka la vitambaa ni Mwislamu wa Usangi, na yeye alilitazama suala kwa upande wake. Alinikumbusha kwamba tandiko la Mtume lilikuwa ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende, na kwamba Umar alipoona alama za mkeka ubavuni mwake alilia, akifikiria vitanda vya wafalme wa Uajemi na Rumi. Mtume akamtuliza: wale wana dunia, sisi tuna Akhera. Na huko Peponi, akasema jirani, Qur’ani inataja mito iliyopangwa safu safu. “Kwa hiyo mto si haramu, fundi. Umecheleweshwa tu.” Nilipenda alivyolisema. Ila kuchelewesha nako kuna hesabu yake: Mtume alijichelewesha mwenyewe, hakumwambia mpagazi wake asubiri. Huku mitaani wanaoambiwa wasubiri raha ya mbinguni huwa ni walewale, na wanaowaambia huwa wamekaa vizuri.

Hata hivyo siwezi kusema ugumu hauna kazi, nikiwa mtu wa mji huu. Januari 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka milimani wakaja kukaa hapa Same, bomani kwa mkuu wa wilaya, kuikataa kodi ya mbiru. Walikaa chini, kwenye vumbi hili na upepo huu, miezi kwa miezi, wakipokezana na kuletewa chakula kutoka majumbani. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakaingia kwa nguvu zao. Kodi ile hatimaye iliondolewa, na Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu yake. Ingekuwaje kama serikali ingewaletea viti? Naamini wangevikataa, na wangekuwa na haki. Kukaa kwao ardhini kulikuwa ndiyo hoja yenyewe, imewekwa mbele ya macho ya mtu aliye kwenye kiti cha enzi. Ugumu wa namna hiyo nauvulia kofia, kwa sababu aliyeubeba aliuchagua na alijua anautumia kwa nini. Ubao wa dau haumwambii mtu yeyote kitu.

Mpwa wangu alinieleza jambo ambalo sikulikuta kwenye mahubiri. Akirudi Maziwe upepo ukiwa wa kumpinga, kabla ya mito, nyonga ikishaanza kumuuma anaacha kuangalia maji. Anafikiria nyonga. Kuna upepo unaokuja ukichora juu ya bahari kabla haujafika kwenye tanga, na nahodha mzima anauona mapema. Mwenye maumivu anauona ukishampiga. Maumivu yana ubinafsi wake: yanamgeuza mtu ajitazame yeye tu. Na mto mbaya hufanya vilevile, maana ukiserereka, ukilowa, ukiunguza, unaukumbuka kila dakika. Ninachokitafuta ninaposhona ni kitu ambacho mtu akishakikalia atakisahau, akawa huru kumtazama mwingine au kulitazama wimbi. Sioni dhambi humo. Nikisukumwa nitasema ni namna ya kumwandaa mtu kwa ajili ya jirani yake, ila nisisukumwe sana, mimi si mchungaji.

Siku za soko nikiwaona akina mama wakishuka na tangawizi ya Mamba Miamba au mikungu ya ndizi kichwani, huwa nafikiria ngata. Kanga iliyosokotwa au majani makavu ya mgomba, duara dogo kati ya fuvu na mzigo. Ni mto kama mito mingine. Sijasikia mhubiri akikemea ngata, na naona ni kwa sababu ngata inamwezesha mama kubeba zaidi. Laini inayoongeza kazi tunaibariki. Laini inayompumzisha mtu aliyekwisha beba, hapo ndipo tunapoanza kufungua maandiko. Ubao wa mwanamke kanisani, wa nyuma kabisa, wenye msumari unaochana gauni, umekaa hivyo tangu nikiwa kijana, na pesa za sponji zilipopatikana zilianzia viti vya mbele. Nilizila mimi pesa hizo, sikatai.

Nilipofunga mzigo wa kupeleka Ushongo, niliweka mito ya wageni, mto wa nahodha, na mmoja mdogo zaidi uliotokana na mabaki. Mpwa wangu ana kijana anayemsaidia, anayekaa chini kabisa pale ngama inapokusanyika, anafua maji kwa kopo njia nzima na kulegeza kamba akiambiwa. Kwenye picha nilizotumiwa alikuwa amekalia ubavu wa mbao, magoti kifuani. Mzigo ulipofika simu ikalia.

“Mjomba, kuna mto umezidi.”

“Haujazidi. Wa kijana wa maji.”

“Huyo nikimpa mto atalala, mjomba.”

“Akilala mwamshe. Hata Bwana aliamshwa.”

Alicheka, akasema sawa. Mito ya wageni na ule wa nahodha amenilipa yote. Huo mdogo bado, anasema hakuuagiza.