Ahadi Yangu na Uaminifu wa Mungu

Kila mwanzo wa mwaka tunapokea bahasha zetu za ahadi. Tunaandika kiasi, tunakabidhi, tunaombewa. Ni jambo jema. Lakini mtu akiahidi mbele za Mungu kisha akashindwa, uaminifu wa Mungu unamsaidiaje?

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye harambee ya ujenzi hapa Elerai, niliahidi mifuko kumi ya saruji. Fedha sikuwa nayo. Nilimtegemea mtu niliyekuwa namdai, na kusema kweli nilikuwa nimesikia jirani yangu akipigiwa makofi kwa mifuko mitano. Yule mdaiwa hakulipa. Kila mweka hazina aliponikumbusha nilijibu, “Mungu ni mwaminifu, atafungua mlango.” Baadaye nikaanza kuchelewa ibada ili nikae nyuma. Mwishowe nikaacha kwenda jumuiya.

Jibu langu lilisikika kama imani, lakini halikuwa imani. Mungu hakuniahidi saruji. Nilikuwa nimemwandika awe mdhamini wa deni langu bila kumwuliza. Na aliyelisikia jibu lile mara tatu, mara nne, angeweza kudhani kwamba asiyetimiza ni Mungu. Hapo ndipo kosa linapokuwa zito. Mtoto anayeahidiwa viatu vya Krismasi kila mwaka asivipate, tutamfundishaje kwamba Baba wa mbinguni hasahau?

Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75, na Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Mungu aliahidi, muda mrefu ukapita, akatimiza, kwa kuwa kesho iko mikononi mwake. Sisi hatuna kesho. Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, anamwonya mtu anayepanga biashara ya mwaka mzima naye hajui litakalotokea kesho. Kwa hiyo mwanadamu aahidi kile kilicho katika uwezo wake: kwenda, kusema kweli, kufanya kazi, kurudi. Matokeo ni ya Mungu.

Historia ya mlima huu tunaouona kila asubuhi inalionyesha jambo hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wafugaji. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na udhamini ni ahadi kwamba mwenye nguvu atamlinda asiye na nguvu. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York. Alizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, lakini azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Je, Kirilo aliwavunjia neno waliomtuma? La. Alitumwa kusema, akasema. Ushindi haukuwa mkononi mwake. Waliovunja ahadi ni wale waliokuwa na uwezo wa kuitimiza.

Nami nilijipima hapo. Kama mahindi yangu yangekauka shambani, lingekuwa jambo jingine. Lakini katika miezi ileile nilibadilisha simu.

Jioni moja mzee wa kanisa alinitembelea nyumbani. Hakutaja saruji mpaka nilipoitaja mimi. Akasema, “Mwanangu, saruji tungeisubiri. Tuliyemkosa ni wewe.” Usiku ule nilitubu kwa Mungu, lakini nilijua haitoshi, maana niliowaahidi ni wenzangu pia. Nikaenda mbele ya kamati ya ujenzi nikasema ukweli: kumi kwa mara moja siwezi, mbili kwa mwezi naweza. Wakakubali. Nilimaliza kwa miezi saba, si mitano, na nilipokwama nilikwenda kusema kabla ya kuulizwa.

Katika 2 Timotheo 2:13 tunafundishwa kwamba Kristo hubaki mwaminifu hata sisi tunapokosa uaminifu. Zamani nililisoma neno hilo kama ruhusa ya kunyamaza. Sasa naliona kama ujasiri wa kurudi, kwa sababu hatatufukuza tukienda kwake na kwa ndugu zetu tukiwa na ukweli. Anayeamini hivyo hana haja ya kukaa nyuma wala kujificha nyuma ya jina la Mungu.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kama kuna mtu ambaye siku hizi unamkwepa kwa kupita njia nyingine kwa sababu ya neno ulilompa, wiki hii pita njia ya kwake. Bwana atusaidie. Amina.