Neno Nalo ni Vazi: Adabu ya Kalamu Katika Mambo ya Faragha



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada wa chuo, miongoni mwetu wapo wanaoandika. Kuna wa mashairi, kuna wa hadithi fupi, na kuna wanaotunga simulizi za vipandevipande kwa ajili ya makundi ya WhatsApp. Nyingi katika simulizi tunazosoma hapa Bujumbura zinatoka Tanzania. Zinafika Buyenzi na Bwiza kwa simu, na zinasomwa kimyakimya. Zipo zile zinazoitwa "chombezo", ambazo ukiondoa habari za kitandani hakibaki kitu. Mwandishi wetu kijana anazitazama na kubaki njia panda. Wasomaji anawaona huko, na haya ya dini yake inamvuta huku. Mmoja anaamua kuandika kama wale. Mwingine anaweka kalamu chini na kusema Muislamu hana hadithi ya mapenzi ya kuandika. Kwa maoni yangu wote wawili wameacha mfano ulio bora kuliko yote, nao ni Qur'ani yenyewe.

Qur'ani haikulikwepa jambo hili. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 187, Mwenyezi Mungu anawahalalishia wanandoa kukutana usiku wa Ramadhani, na anamfananisha kila mmoja na vazi la mwenzake. Katika aya ya 223 ya sura hiyohiyo linatajwa shamba. Katika An-Nisaa, aya ya 21, wanandoa wanatajwa kuwa wamefikiana. Katika Al-A'raf, aya ya 189, mume anamfunika mkewe, naye anabeba mzigo mwepesi. Bibi Maryam anapostaajabu kuambiwa atapata mtoto (Surat Maryam, aya ya 20), anasema hajaguswa na mwanamume. Tazama maneno hayo: vazi, shamba, kufikiana, kufunika, kugusa. Mtu mzima anaelewa kila neno, na hakuna aliyevuliwa nguo mbele ya msomaji. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mwenyezi Mungu, kwa ukarimu wake, hulitaja jambo hili kwa fumbo. Walimu wetu wa Kiswahili huliita fumbo la namna hii tafsida.

Sasa tuingie katika kisa chenyewe. Surat Yusuf ni sura ambayo Mwenyezi Mungu ameiita simulizi nzuri kuliko zote, na ndani yake mna matamanio, milango iliyofungwa na kanzu iliyochanwa. Aya ya 23 inatueleza kwamba mwanamke mwenye nyumba alimtaka Yusuf (a.s.), akafunga milango, akamwita, naye Yusuf akajikinga kwa Mwenyezi Mungu. Hayo yote yamo katika aya moja. Hatuambiwi mwanamke alivaa nini wala umbo lake lilikuwaje. Hata jina lake Qur'ani haikulitaja. Lakini hofu tunaihisi, kwa sababu tumesikia milango ikifungwa.

Kuna somo jingine katika aya ya 31, ambalo mwandishi yeyote angelilipia. Uzuri wa Yusuf haukuelezwa jicho kwa jicho, pua kwa pua. Wanawake wa mjini walipewa visu, akatokezwa mbele yao, wakajikata mikono. Msomaji hakuoneshwa uso, ameoneshwa visu vimefanya nini, na tangu siku hiyo hakuna anayeuliza Yusuf alikuwa mzuri kiasi gani. Mwenye kalamu na ajifunze hapo: athari ya jambo husema zaidi kuliko picha ya jambo.

Je, mpaka uko wapi? Ipo hadithi katika Sahihi Bukhari, iliyopokewa na Ibn Mas'ud (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) anamkataza mwanamke asimsifie mumewe mwili wa mwanamke mwingine mpaka ikawa kama kwamba anamwona. Tuitafakari vizuri. Mume yule hajaona kitu, amesikia maneno tu, lakini Mtume (s.a.w.) amelipa neno hukumu inayokaribiana na ile ya jicho. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha mwandishi. Ukimaliza kuandika, jiulize: msomaji wangu ameelewa, au ameoneshwa? Akielewa, umesimulia. Akioneshwa, umemweka dirishani kwa watu. Wala usijitetee kuwa wahusika ni wa kubuni, kwani msomaji si wa kubuni, na moyo wake ni wa kweli.

Hapa nawaomba tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunachukua nusu ya somo tu. Lugha ya staha imewekwa kulinda heshima, haikuwekwa kuficha dhuluma. Sahaba Ma'iz alipokuja kukiri zinaa, Mtume (s.a.w.) alimfungulia kwanza milango ya kutokea: huenda umebusu tu, huenda umetazama tu. Ma'iz alipokataa, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwa neno la wazi kabisa, bila fumbo lolote, na hayo yamo katika Sahihi Bukhari. Yeye aliyekuwa mwingi wa haya kuliko watu wote aliliweka fumbo kando, kwa kuwa uhai wa mtu ulitegemea neno lile.

Basi tuangalie lugha yetu ya mitaani. Msichana amebakwa, watu wanasema "amechezewa". Mwalimu amemdhulumu mwanafunzi wake, watu wanasema "walikuwa na mambo yao". Hiyo si tafsida. Huko ni kumvisha mkosaji nguo na kumwacha aliyekosewa uchi. Mwandishi Muislamu akifika hapo katika hadithi yake, aandike neno kubaka, aliandike mara moja, bila kueleza mwili na bila kulipamba. Na zinaa iitwe zinaa. Neno zuri lililovishwa juu ya haramu nalo ni aina ya uongo. Isitoshe, dada anayesoma hadithi yako anaweza kuwa anatafuta maneno ya kumwelezea mama yake yaliyompata. Ukimpa lugha safi na ya wazi, umempa mlango wa kutokea.

Kukataza somo lenyewe hakusaidii. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa katika shule za Tanzania kwa ajili ya mambo haya, kisha baadaye ikasomeshwa humohumo shuleni. Unaweza kukubaliana na lugha yake au usikubaliane nayo, lakini swali lake limebaki: binti aliyelelewa kwa ukali na kunyamaziwa kila kitu, nani atamfundisha?

Wala tusiseme Kiswahili hakina maneno. Tunayo unyumba, tendo la ndoa, fungate, kukutana. Madrasa imetupa janaba, hedhi na nifasi, maneno ambayo mtoto wa Buyenzi anayataja mbele ya maalimu wake bila kucheka. Ndugu zetu wa Kirundi husema kwubaka, kujenga, na wanamaanisha kuoa na kuanzisha nyumba. Mwana Kupona binti Msham wa pwani ya Kenya, yapata mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi mzima wa wasia. Humo alimfundisha kujipamba, kujitia manukato na kumtunza mumewe alalapo, na utendi huo unasomwa hadi leo mbele ya wakubwa na wadogo.

Kwa mfano mdogo, tuseme unaandika usiku wa kwanza wa maharusi. Unaweza kuandika hivi: "Usiku ule Hadija alisikia jina lake likitajwa polepole, kama mtu anayeogopa kulivunja. Kabla ya adhana ya alfajiri, maji yalikuwa yanachemka kwenye jiko la makaa." Muislamu yeyote anajua maji yale ni ya nini. Tumeambiwa kuwa wameingia nyumbani kwao, kuwa kulikuwa na upole, na kuwa sala haikuwapita. Kurasa tatu za chombezo hazisemi hata nusu ya hayo.

Ndugu zangu, mimi ni mwanafunzi mwenzenu. Hukumu za halali na haramu tuwaulize masheikh wetu. Nimekuja kukumbusha tu kwamba Malaika wanaoandika maneno yetu hawaachi yale tunayoyatuma kwa simu. Andikeni, msiwaachie uwanja wengine. Iandikeni ndoa kwa staha na dhuluma kwa uwazi, na msomaji amalize ukurasa wenu huku heshima yake ikiwa kamili.

Ewe Mola wetu, zitakase kalamu zetu kama unavyozitakasa nyoyo zetu, na uyajaalie maneno yetu kuwa ushahidi wetu, yasiwe ushahidi dhidi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.