Juu ya Mawe

Mtu anayetengeneza gari ili kesho awahi kazini hatumuulizi kitu. Tunampa pole, tunampa namba ya fundi, yamekwisha. Anayeulizwa ni yule aliyenunua gari akijua kabisa halitembei, akakodi lori la kulibeba, akaliweka juu ya mawe uani na kuanza kulifungua bolti moja moja. Huyo lazima ajieleze. Kwa lugha yetu mtu akiwa juu ya mawe hana kitu mfukoni. Huyu anatoa fedha zake mwenyewe ili apate cha kuweka juu ya mawe.

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na mjomba wangu wa Tanga ni mmoja wa watu hao. Gari lake ni Land Rover 109 la shamba la mkonge. Lilikaa miaka mingi nyuma ya korona (korona ya kuchakata mkonge, si ile nyingine), miti ikaota katikati ya injini, hadi likauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Majirani wanaliita mkweche. Mimi nimelitumia kama swali: ni nini hasa anachokitaka mtu anayefufua kitu ambacho hakuna anayekihitaji?

Jibu ambalo kila mtu hukupa haraka ni kumbukumbu, kwamba mtu anautafuta ujana wake. Kwa mjomba jibu hilo halikai. Hakuwahi kupanda gari hilo hata mara moja. Baba yake alikuwa mkata mkonge na yeye alikulia kambini. Gari lilikuwa la meneja, na baada ya mashamba kutaifishwa likapata namba za SU na meneja mwingine, lakini wa kulipisha njia walikuwa wale wale. “Mimi nilikuwa naliona mgongo tu,” aliniambia. “Mgongo na vumbi.”

Jibu la fedha nalo si la kukaa nalo muda mrefu. Ni kweli kwamba mwaka 2016, mwaka ule ule walioacha kuunda Defender kule Solihull, Land Rover wenyewe walianza kuuza Series I za zamani walizozifufua, kwa bei ya gari jipya la kifahari. Lakini soko hilo haliko Tanga. Mjomba akiliuza gari lake leo hatarudisha hata gharama ya matairi, na anajua.

Basi inabidi kuanzia kwenye kutu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza bado chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Ndiyo maana utasikia watu wakisema Land Rover haipati kutu. Chini ya bodi hiyo kuna chasisi ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni wa chuma pia, na hivyo huliwa kama jembe lililosahauliwa mvuani. Alumini yenyewe haisalimiki. Ikifungwa pamoja na chuma, na unyevu wenye chumvi ukapita katikati, inayoliwa ni alumini. Inageuka unga mweupe kuzunguka bolti. Upepo wa bahari wa Tanga unaifanya kazi hiyo usiku na mchana. Mjomba alipong’oa milango, unga ulimwagika miguuni kama sembe. Kisha akaipiga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Palipo pazima panalia. Palipooza panapokea nyundo bila kujibu. Alizungushia chaki kila mahali palipokaa kimya, na alipomaliza niliona gari limejaa duara.

Niliyokuwa nimesoma darasani yalinijia hapo. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya Theseus kwa kubadilisha mbao zilizooza, hadi wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ile ile. Hobbes, katika kitabu chake cha 1655, akaongeza chumvi: vipi kama mtu angeziokota zile mbao za zamani na kuziunga upya? Tungekuwa na meli mbili, na ipi ni ya Theseus? Darasani tulilichukulia kama fumbo la kupasha akili. Uani kwa mjomba lilikuwa jambo la wiki. Fundi wake huwa hatupi kitu. Springi zilizotolewa, rejeta iliyozibwa kwa risasi, mlango wa nyuma wenye namba ya shamba iliyofifia, vyote alivichukua kama sehemu ya ujira wake na kumfungia ndugu yake mwenye 109 nyingine inayobeba machungwa kutoka Muheza. Siku moja gari hilo lilipita barabarani mbele yetu, machungwa hadi juu, na mlango wa nyuma ulikuwa ule. Mgongo ambao mjomba aliukimbilia utotoni ulikuwa unamwacha tena. Alisimama akautazama hadi ukakata kona.

“Mlango ule ulikuwa umepinda,” alisema, akarudi chini ya gari.

Sijui kama Hobbes angeridhika. Mimi nilichokiona ni kwamba swali la “ni lile lile?” halimsumbui mtu mwenye spana mkononi kama linavyotusumbua sisi. Linalomsumbua ni jingine: katika yote yaliyolipata gari hili, nibakishe nini na nifute nini? Hilo ni swali la maadili.

Kwenye ule ukuta wa mbele, chini ya miguu ya dereva, kulikuwa na kiraka. Fundi fulani, nani ajuaye mwaka gani, alikata kipande cha pipa la oili akakichomelea hapo, na kwa upande wa ndani herufi za pipa bado zilisomeka. Miaka ya uhaba wa spea, watu kama yeye ndio walioyaweka magari barabarani. Nilimsihi mjomba akiache. Nilimletea hadi hoja ya John Ruskin, aliyeandika mwaka 1849 kwamba kukarabati jengo la kale ili lirudi lilivyokuwa ni uongo, kwa kuwa kazi ya mikono iliyokufa hairudishwi. Mjomba alinisikiliza vizuri, kwa adabu zake zote.

“Haya. Na kutu nayo tuiache? Nayo si historia?”

Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Chuma kilichoshikilia kiraka kilikuwa kimeoza. Kukiacha kungekuwa kumwachia dereva tundu miguuni ili mimi nipate cha kuandika. Kilikatwa, kikaenda na wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo.

Lakini kuna ufufuaji unaonikera, na nitausema. Utaona mbele ya hoteli za kitalii Land Rover ya zamani imepakwa rangi ya maziwa, sanduku la ngozi juu ya kepi, safi kana kwamba halijawahi kusukumwa na watu kwenye tope. Gari limekarabatiwa na wakati wake umekarabatiwa pamoja nalo: mabwana wamebaki, wasukumaji wamefutwa. Mafundi wa gari hilo huenda wametumia msasa ule ule anaoutumia mjomba. Tofauti ni katika kile gari linachoombwa kusahau. Mjomba haliombi lisahau kitu. Anaujua upande wa nyuma kuliko wa mbele. Nadhani anataka kukijua kwa mikono, bolti kwa bolti, kitu ambacho kilipokuwa na nguvu kilimpita.

Hoja hiyo naipenda, ila haimtoshi mkaza mjomba, na sioni kwa nini imtoshe. Fedha zinazoingia kwenye chasisi ni za kiinua mgongo, na nyumba haijapigwa plasta. “Nimepata mke mwenza,” huwaambia wageni, “tena wa bati.” Watu hucheka. Wakiondoka anazisoma risiti. Wapo wanaomtetea mjomba kwa kusema fedha ni zake, amezitumikia. Hapana. Miaka mjomba alipokuwa kazini, maandazi ya alfajiri yaliyolipa ada za watoto hayakukaangwa na mwajiri. Kiinua mgongo kiliandikwa jina moja, migongo ilikuwa miwili. Ukinijibu kwamba thamani haipimwi kwa manufaa peke yake nitakubali, maana tukipima kila kitu kwa kazi kinachofanya, wastaafu wajiandae. Ila kizuri kisicho na manufaa huwa kina mtu anayekilipia, na mara nyingi si yule anayekifurahia.

Oktoba 2024, mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha, foleni ambayo Tanzania haikuwahi kuiona. Mjomba aliitazama kwenye simu, gari lake likiwa halina injini. Alikuwa anaangalia chasisi za wenzake.

Mwezi uliopita injini ilirudi mahali pake, ikawaka, ikatoa moshi mweusi, ikazima, ikawaka tena. Mkaza mjomba alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma mpya, akachungulia ndani muda mrefu.

“Linabeba mifuko mingapi ya saruji?”

“Kumi na tano,” mjomba alisema. “Barabara ikiwa nzuri.”

“Hadi hapa kwetu si nzuri.”

“Basi kumi na miwili.”